Mabati Yenye Yalibaki Butembo

Batu ba Beni bako na maneno. Banasema kama batu ba Butembo banakuja kukusaidia, andaa mizani. Banatucheka mpaka leo ku soko, hata batoto. Sasa nitaeleza mambo vile yalipita, sababu nilikuwa pale, tena mbele: miye Virginie, muuzaji wa maharagi, responsable, maana kiongozi, wa shirika yetu ya Mususa. Shirika ni bakristu ba mutaa moja, benye banasali pamoja, banazikana pamoja, na banasengenyana pamoja. Mwenye anataka kucheka, asikie kwanza, kisha acheke.

Amina ni client yangu. Hapana client wa jana. Yeye iko Beni, kwenye joto, anauza mafuta ya mawese. Miye niko Butembo, kwenye baridi, nauza maharagi. Kila wiki bidoni zake zinapanda, magunia yangu yanashuka, na salamu zinapita katikati. Bwana yangu alipokufa, huyu mama Muislamu alipanda Butembo akaketi na sisi ku kilio, chini ku mukeka, amejifunga vitenge vitatu, meno yanagongana kwa baridi yetu. Kuko bandugu zangu ba damu benye balikuja, bakakula, bakaenda. Amina alibaki mpaka tukaondoa mikeka. Namupenda, na sioni haya ya kusema.

Donc, mwaka huu mvua ikapiga Beni vibaya. Muto ukatoka mu bonde yake, ukapita mu mutaa wa chini, na nyumba za matofali mabichi zikayeyuka. Ya Amina iliyeyuka pamoja na mafuta ndani. Yeye na batoto balitoka na nguo za mwilini tu. Habari aliniletea Jamali, mwenye Fuso, Muislamu wa huku kwetu Butembo, ndugu ya Amina upande wa mama.

"Nyumba inajengwa," Jamali akaniambia. "Shida hapana nyumba. Shida ni shemeji."

Huyo shemeji anaitwa Musafiri, mudogo wa marehemu bwana ya Amina. Iko na quincaillerie ku barabara kubwa ya Beni: misumari, simenti, rangi, mabati, yote. Kiwanja cha Amina kiko nyuma kabisa ya dépôt yake, pale anawekea mali, ukuta kwa ukuta. Na Musafiri hapana mutu mubaya. Na hiyo njo ubaya wake. Mutu mubaya unamutukana, unapoa. Huyu alikuja na heshima yote, akavua viatu, akasema polepole: "Shemeji, pole sana. Mais kiwanja bila nyumba ni cha jamaa. Siku ya Ijumaa, kisha sala, bazee batapita kuona. Bakikuta nyumba yenye paa, sawa, ni yako na batoto. Bakikuta udongo tu, nitaongeza dépôt yangu, na wewe nitakupa chumba nyuma ya duka. Hautakosa chakula."

Chumba nyuma ya duka. Mwanamuke mwenye alikuwa na nyumba yake, jiko yake, na baclient bake, aende kulala nyuma ya misumari ya shemeji, na kuomba ruhusa ya kuteka maji. Nilimupigia Amina simu. "Virginie," akasema, "nikiingia mu kile chumba, sitatoka tena." Hakulia. Kama angelia, labda ningelia pamoja naye na mambo yangeisha pale. Sababu hakulia, hasira ikanipanda.

Siku ya Mungu, Jumapili, nikasimama mu shirika, kisha ya masomo, nikasema. Sikumbuki nilisema nini, mais Muyisa, katekista wetu, aliniambia kisha kwamba ningeweza kupunguza sauti sababu mulango ulikuwa wazi. Ilisaidia. Mwenye alikuwa na bati akaleta bati. Mwenye alikuwa na misumari akaleta misumari. Kambere, fundi wa kuta, akasema atakuja na mikono yake na mwiko wake. Muyisa akasema sasa sisi ni bavolontaire. Alipenda lile neno, alilirudilia mpaka tukachoka. Siku ya pili, Jumanne, Fuso ya Jamali ilikuwa imejaa mabati yenye kung'aa, padiri akaimwangia maji ya baraka, Jamali akiwa anamushikia ndoo. Tulipiga picha mbele ya camion. Ile picha ninayo. Mabati yanaonekana vizuri sana.

Sasa munisikilize. Kwetu Butembo, camion ikishuka Beni na nafasi kidogo ndani, kuacha ile nafasi iende bure inauma mutu ku roho kama kumwanga maziwa. Tena kisha ya ile mvua, Beni haikuwa na chakula. Viazi vilikuwa vinatafutwa kama dawa. Kila mutu wa shirika alikwenda nyumbani, akala, akalala, na katika kulala akafikiri kitu kimoja tu.

Asubuhi, kabla ya safari, Kambere alipita ku kiwanja ya Jamali na magunia yake ya viazi. Akaona camion imejaa. Akatoa mabati machache, akayaegemeza ku ukuta, vizuri, akasema mu roho yake: yatakuja na safari ingine, nyumba haikosi bati mbili tatu. Kisha yake akapita Muyisa na kabichi. Akaona mabati ku ukuta, akafikiri ni ya Jamali. Akatoa ingine kidogo, akaweka pale pale. Kisha wa tatu, kisha wa nne, hivyo hivyo, kila mutu kwa saa yake, kila mutu na ile adabu ya kupanga vizuri. Jamali mwenyewe alikuwa ameweka makarto ya sabuni, sababu Beni, kisha ya muto kufurika, batu banafua. Mwisho bakafunika yote na turubai.

Na miye? Miye niliweka maharagi ya Musienene, kule karibu na kwetu, magunia matatu. Ya kula. Mutu akijenga anakula, ama mulitaka bajenge na njaa? Kisanduku cha misumari kilikuwa kinanizuia, nikakisogeza. Kusogeza hapana kutoa. Kama kilianguka kando ya ukuta wa Jamali, ni shauri ya kile kisanduku.

Tukaondoka tukiimba. Miye nilikaa mbele na Jamali, wengine juu ya turubai. Karibu na Beni, ku barrière ya barabara, musoda, askari, akatusimamisha. Akafunua kipembe cha turubai, akaangalia. Akakuja ku dirisha yangu.

"Mama, munaenda wapi?"

"Kujengea mujane nyumba. Sisi ni bavolontaire."

"Munajenga na nini?"

"Na mikono, na upendo, na mabati."

Akarudi nyuma, akafunua tena, akaangalia kwa muda murefu. Akarudi. "Mama," akasema na heshima, "munajenga na viazi?"

Nikamuambia aheshimu bamama ba shirika. Akacheka mpaka bunduki ikacheza ku bega, akasema, "Mama, likambo te," ile Lingala yao ya kusema hakuna shida, akatuachilia na kabichi moja ku mukono. Nilijiuliza kabichi imetoka wapi. Mais tulikuwa tumechelewa, na sikuuliza.

Tukafika Beni jua iko juu ya kichwa. Ile joto, hapana. Mutaa wote ulikuwa umetoka kutungojea: baislamu, bakatoliki, bamama na batoto ku mugongo. Amina alikuwa amesimama katikati ya kiwanja chake, chenye kilikuwa udongo mwekundu na mawe ya jiko basi. Alikuwa amevaa kitenge ya kuazima. Akanikumbatia, akanishika na nguvu, akaniambia ku sikio, "Ulikuja." Nikamuambia, "Angalia sasa." Nikamupa Jamali ishara, akavuta turubai na mukono moja, kama mutu mwenye anafungua sanamu ya mukubwa.

Viazi. Kabichi. Viazi tena. Karoti. Sabuni. Maharagi yangu, yenye nilijua. Juu ya kabichi za Muyisa, kuzikinga jua, kulikuwa na bati moja. Moja.

Kisha mama moja nyuma yangu akauliza gunia ya viazi ni bei gani. Na Kambere, Mungu amusamehe, akamujibu.

Amina aliangalia camion, akaniangalia miye. "Mama Virginie," akasema, "niliomba paa. Umeniletea soko." Akaanza kucheka. Alicheka vizuri kwanza, na sisi tukapata moyo, mutu moja mbili tukacheka naye. Kisha kicheko kikageuka. Akaketi ku gunia yangu ya maharagi, akajifunika uso na kile kitenge ya kuazima. Nilisikia aibu yenye sijasikia tangu nizaliwe. Nilitaka udongo wa Beni unimeze na vitenge vyangu vyote.

Kwa sababu nilisikia aibu, nikapiga makelele. Nilimuanza Kambere, nikaendelea na Muyisa, nikamaliza na Jamali. Kila moja akasema yeye alitoa bati mbili tu. Nikabauliza nani basi alitoa zingine. Bakaniangalia. Muyisa akauliza polepole kisanduku cha misumari kiko wapi. Nikamuambia hatuko hapa kuzungumuza misumari.

Jamali akasema si kitu, atapanda sasa hivi, atarudi asubuhi na kila kitu. Hakumaliza kusema, mvua ikaanza. Saa kumi bakatupigia simu: kilima kimeanguka ku barabara nyuma yetu, camion haipiti, labda siku ya posho, Jumamosi. Jamali akapigia bibi yake. Bibi akasema ndiyo, mabati yako ku ukuta, yamepangwa vizuri ajabu, na kwa kweli ameanika nguo juu yake.

Siku hiyo ilikuwa siku ya tatu, Jumatano. Bazee batakuja Ijumaa. Muyisa akapiga magoti kuanza sala. Nikamuambia asali akiwa anachimba.

Bon, kuko kitu moja sitaki mutu asahau kama anatucheka. Tulichimba. Batu ba mutaa baliona tunachimba, bakaleta miti, kamba, ndoo, na miguu ya kukanyaga udongo. Kambere, mwenye nimemutukana hapa juu, ni fundi wa kweli wa ukuta. Alisimamisha miti, akaifungia fito, bamama bakabeba maji, bavijana ba musikiti na bavijana ba shirika bakakanyaga matope pamoja mpaka huwezi kujua nani ni nani. Amina mwenyewe alikandika ukuta wa chumba chake na mikono, hakutaka mutu amusaidie pale. Siku ya ine, Alhamisi, kisha ya chakula cha saa sita, kuta zilikuwa zimesimama, na milango ilikuwa na nafasi yake. Nilizunguka ile nyumba, nikaipenda. Kisha nikaangalia juu, nikaona mawingu.

"Nyumba bila paa," Kambere akasema, "bazee bataita kiwanja chenye kuta."

Tukatafuta mabati Beni nzima. Hakuna. Kisha ya muto kufurika, kila mutu alikuwa amenunua. Duka moja likatuelekeza ku lingine, na lingine ku lingine, na yote mwisho yakatuelekeza pale pale: "Musafiri njo bado iko nayo. Alinunua yote mvua ilipoanza."

"Hataniuzia hata musumari," Amina akasema.

"Wewe hapana," nikamuambia. "Miye."

Nilivaa kitenge changu cha kanisa, nikaenda. Musafiri alikuwa ameketi nyuma ya comptoir, meza ya kuuzia, mutu munene, musafi, kofia nyeupe, kalamu ku sikio. Nyuma yake mabati yalipanda mpaka ku dari. Nilimusalimia kwa salamu yao, kwa adabu yote.

"Wa aleikum salaam, mama. Karibu. Chai?"

"Chai ndiyo, shemeji."

Aliruka kidogo. "Shemeji?"

"Amina ni ndugu yangu. Donc wewe ni shemeji yangu." Akakubali, sababu chai ilikuwa imeshamiminwa. "Shemeji, nataka mabati ya nyumba ya vyumba vitatu."

"Ya Amina."

"Ya Amina."

Akacheka polepole, bila ubaya. "Mama, unaniomba nikuuzie paa yenye itaninyima kiwanja?"

"Sikuombi. Nanunua."

"Hapana," akasema. Kisha, sababu ni mufanyabiashara na ulimi wake unatembea mbele yake, akauliza: "Unanunua na nini?"

Nilitoa kiazi mu pochi yangu, nikakiweka juu ya comptoir. Kiazi cha Musienene, kikubwa, kikavu, ngozi safi, bado na harufu ya kule juu. Nikakunywa chai.

Mujue mambo vile yalikuwa. Barabara imekatika. Hakuna camion itashuka mpaka posho. Kesho ni Ijumaa, soko kubwa. Beni nzima hakukuwa na viazi isipokuwa vile vyenye vilikuwa mu Fuso ya Jamali. Sikumwambia hata kimoja ya haya. Niliangalia tu macho yake vile yalikwenda ku kile kiazi, yakaenda ku barabara, yakarudi.

"Muko na vingapi?" akauliza, kama mutu mwenye anauliza saa.

"Fuso."

"Nzima?"

"Na kabichi. Na karoti."

Akaondoa kofia, akajipangusa kichwa. "Hapana, mama. Kiwanja ni kiwanja."

"Ni kweli," nikasema, nikasimama. "Asante kwa chai. Ule mwenye duka ng'ambo ya barabara, hana mabati, mais iko na pesa. Atachukua viazi, na miye nitaangalia mambo ya paa mbele."

Nilitembea mpaka ku mulango. Sikuharakisha. Nilikuwa ninaomba Bikira Maria mu roho, sababu mbele hakukuwa na bati hata moja. Kama asingeniita, Amina angelala nyuma ya ile misumari, na ningebeba hiyo mpaka kaburi.

"Mama," akasema. "Ngoja. Hapana kwenda kule. Ule mutu ataviweka mu jua, vitageuka kijani."

Nikageuka. Musafiri alikuwa ameshika kile kiazi na mikono mbili.

Tulibishana mpaka chai ya pili. Alitaka kupunguza mabati, nikakataa. Alitaka niongeze maharagi, nikamuambia maharagi ni ya kula. Alisema mabati bila misumari, nikakaa chini tena na kuomba sukari. Mwisho tukapeana mukono, mabati na misumari kwa viazi, kabichi na karoti; benye mali, kisha ya ile aibu, hawakubisha. Kumbe hakuwa amemaliza. Aliniangalia wakati vijana bake balikuwa banahesabu mabati, akakunja uso.

"Na kofia ya paa?" akauliza.

"Kofia gani?"

"Ile ya juu kabisa, mama, pale mabati yanakutana. Munataka kujenga bila kofia? Maji itaingia katikati, na kesho batu batasema mabati ya Musafiri yanavuja." Akaongeza kofia bila mutu kumuomba. "Matabishi, nyongeza ya bure," akasema na hasira.

Ijumaa asubuhi tukaanza kupigilia. Kambere alikuwa ameshasema kwamba yeye ni fundi wa ukuta, paa ni mambo ya wengine, mais wengine hawakuwako, basi alipanda. Upande mwingine wa ukuta, mu dépôt, Musafiri alikuwa anapima viazi. Soko ilikuwa imejaa mbele ya duka yake. Kila nyundo ikilia kwetu, kichwa chake kinaonekana juu ya ukuta.

"Unapiga wapi ule musumari?" akalalamika. "Mu bonde ya bati? Maji inapita wapi? Ku mugongo, baba, ku mugongo."

Kambere akapiga ku mugongo, mais kwa pembeni. Kichwa cha Musafiri kikatoka, kikarudi. Mwisho mwenyewe akaacha viazi na soko, akazunguka, akaingia mu kiwanja, akavua viatu kama siku ile, akapanda ngazi na kanzu yake nyeupe. "Shuka," akamuambia Kambere. "Nyumba yenye mabati yangu haitavuja hapa Beni nikiwa hai."

Alipiga misumari vizuri, siwezi kusema uongo. Saa ya sala ilipofika alishuka, akanawa, akakimbia musikiti. Sala ilipoisha alirudi akikimbia, sababu kofia ya paa ilikuwa bado. Bazee, benye banatembea polepole na kusalimia kila mutu mu njia, balimukuta juu.

Balikuwa batano, na mbele yao baba mudogo wa marehemu, muzee murefu mwenye kupenda kusema. Akasimama, akaangalia nyumba. Akaangalia paa. Akaangalia Musafiri, mwenye alikuwa amekaa juu ya kofia kama mutu ku farasi, nyundo ku mukono, misumari katikati ya midomo.

"Musafiri," muzee akauliza, "ni wewe unamufunikia mujane wa ndugu yako nyumba?"

Musafiri akatoa misumari mu midomo. Akaangalia bazee. Akaangalia mutaa wote wenye kusimama pale, na baclient bake ndani. Akaniangalia miye. Nilifunga kinywa, kitu chenye batu ba Mususa hawatasadiki. Amina alikuwa amesimama ku mulango, mikono bado na udongo mukavu, na alikuwa anashika ule ukuta wake.

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema bavolontaire ba Butembo bamejenga, yeye alipanda kuangalia tu. Kisha muzee akanyoosha mukono akagusa bati ya chini, akauliza: "Na haya mabati? Ni ya nani? Ni mazuri."

"Ni yangu," Musafiri akasema mbio. "Ya dépôt yangu. Bazee, hayo hayashiki kutu. Mugonge musikie."

Muzee akagonga. Bazee bote bakagonga. Muzee akafungua mikono, akaomba dua kwa sauti kubwa kwa ajili ya Musafiri, kijana mwenye hakusahau ndugu yake, mwenye aliita bazee kusudi baone mambo mazuri. Machozi yalimutoka. Kisha akageuka kwa batu bote na kusema kwamba kiwanja ni cha Amina na batoto bake, paa iko, bamefunga shauri, na mutu asirudie kuleta hayo maneno mu jamaa.

Kule juu Musafiri alijipangusa uso na mukono wa kanzu.

"Ndiyo, baba," Musafiri akasema. Akatazama chini, kwa Kambere. "Nipe musumari ingine."

Amina aliteremuka ku udongo pale pale ku mulango, akaketi, na sasa njo alilia. Nilikwenda kuketi kando yake. Kisha akanikumbusha kwamba bazee bako na njaa, tukapika maharagi, na kila mutu akala, hata yule mwenye alikuwa juu ya paa. Donc muone wenyewe kama yalikuwa ya kula ama hapana.

Siku ya posho barabara ikafunguka, tukapanda kwetu. Mabati yenye yalibaki Butembo yalishuka wiki yenye ilifuata, kwa majirani ba Amina benye bado balikuwa chini ya maturubai. Safari hiyo nilikaa juu ya mabati miye mwenyewe mpaka camion ikaondoka, na kila mutu mwenye alipita na gunia nilimuangalia mpaka akarudia kwao. Maharagi niliweka gunia moja tu.

Ile bati moja ya kwanza, yenye ilifunika kabichi, Amina aliiweka juu ya jiko lake. Hakutaka kuibadilisha.

Mwezi yenye ilifuata, mchana, simu yangu ikalia niko ku soko. Ilikuwa Amina. "Sikia," akasema, na sikusikia kitu ila mvua. Mvua nyingi, mvua ya Beni, inapiga juu ya mabati kama mawe. Nikaacha mizani, nikaziba sikio lingine.

"Inavuja?" nikauliza.

"Hapana."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanaume. "Nani iko pale?" nikauliza.

"Shemeji," Amina akasema. "Mvua ikianza tu, hata akiwa mbali na duka, anakuja na pikipiki, ameloa mwili wote, anasimama katikati ya nyumba, anaangalia juu. Nimemuambia haivuji, hasikii. Nimemupa chai."

"Pale ku kona," Musafiri alikuwa anasema. "Tungoje kwanza."

Tukangoja bote, bao kule, miye huku na simu ku sikio, client zangu bananiangalia. Haikuvuja.